Saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja: kwa nini wagonjwa wawili wapewe dawa tofauti

Ukikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje pale Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, hutakosa kusikia watu wakilinganisha matibabu. Huyu ana saratani ya mapafu na anatundikiwa dripu kila baada ya wiki tatu. Yule ana saratani hiyohiyo, lakini amepewa vidonge vya kumeza nyumbani. Wa tatu kapasuliwa, wa nne kaambiwa upasuaji hautamfaa. Jamaa wakirudi Kisenyi, Busia au Arua, mjadala unahamia WhatsApp, na majibu ya huko yanajulikana: mwenye vidonge ana mtu wake hospitalini, mwenye dripu hana pesa, na daktari wa yule wa nne kishakata tamaa.

Mara nyingi sababu halisi imeandikwa kwenye karatasi ya maabara ambayo hakuna aliyewasomea. Karatasi hiyo inasema saratani imetokana na seli za aina gani. Jambo hili linanisumbua kwa sababu watu wanaumia kwa kutolijua. Familia inauza ng'ombe inunue dawa iliyomsaidia jirani, kumbe dawa ile haina kazi kwenye aina ya saratani aliyo nayo mzee wao.

Pafu lina seli za kila namna

Seli ni chembe hai ndogo ambazo mwili mzima umejengwa kwazo, na huwezi kuziona ila kwa darubini. Huzeeka, hufa, nyingine huzaliwa mahali pake kwa seli moja kugawanyika kuwa mbili. Ndani ya kila seli mna jeni, yaani maelekezo ya lini igawanyike na lini iache. Maelekezo hayo yakiharibika, seli huanza kugawanyika ovyo. Uzao wake unarithi ubovu uleule, unavamia nyama ya jirani, na baadhi yake husafiri kwa damu au kwa mishipa ya limfu, yaani majimaji ya kinga ya mwili, hadi kwenye ini, mifupa au ubongo. Hiyo ndiyo saratani.

Pafu lenyewe ni mti wa mirija. Hewa hushuka kwenye koo la hewa, ambalo hugawanyika likaingia pafu la kulia na la kushoto, kisha mirija huendelea kugawanyika na kuwa myembamba hadi kwenye vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Mirija mikubwa imetandwa na seli zenye vinyweleo vya kufagia vumbi. Katikati yake zipo seli za kutoa ute, na zipo chache za kutoa homoni. Kule kwenye vifuko kuna seli nyembamba, na nyingine za kutoa majimaji yanayozuia kuta za vifuko zisigandamane. Saratani inaweza kuzuka kwenye seli za namna hizi mbalimbali, na tabia yake hufuata pale ilipozuka.

Mkulima wa migomba hatashangaa kusikia hivi. Majani yakigeuka manjano, huenda ni mnyauko wa bakteria, ule ulioanza kuonekana Uganda mwaka 2001, na huenda ni fukusi wanaotoboa kitako cha mgomba. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Akikata shina akaona utomvu mzito wa manjano ukichuruzika, anajua ni mnyauko, naye atauondoa mgomba ule na kupitisha panga lake motoni kabla hajagusa mwingine. Akikuta njia za fukusi kwenye kitako, kazi ni nyingine kabisa. Hawezi kujua bila kukata. Eksirei ya kifua nayo inaonyesha doa tu. Jina la lile doa halijulikani mpaka kipande kitolewe.

Seli ndogo: ndogo kwa darubini, kali kwa mgonjwa

Madaktari hugawa saratani za mapafu kwenye makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni la seli ndogo, na linachukua wagonjwa kama 15 kati ya kila 100. Kundi la pili ni la seli zisizo ndogo, nalo linabeba wale 85 waliobaki.

Watu wengi wakiambiwa "seli ndogo" hushusha pumzi, wakidhani ugonjwa ni mdogo au umewahiwa. Udogo unaotajwa ni wa seli ikiwa chini ya darubini. Kwa upande wa ugonjwa, hii ndiyo saratani ya mapafu inayokwenda mbio kuliko zote. Seli zake zimebanana, kiini kimeijaza seli karibu yote, na ni laini kiasi kwamba kibano cha daktari kikizigusa hupondeka na kubaki michirizi ya rangi tu kwenye kioo. Hii ni sababu mojawapo ya mgonjwa kuitwa arudi kutolewa kipande kingine, wakati familia inaamini kipande cha kwanza kimepotezwa.

Mwaka 1926 daktari wa Uingereza, W. G. Barnard, alionyesha kwamba uvimbe huu, ambao wenzake walidhani unatoka kwenye tezi za katikati ya kifua, kwa kweli ni saratani ya pafu. Kosa lao lina maelezo. Seli hizi huhama mapema sana na kujaza tezi za kifuani hata uvimbe wa asili kwenye pafu ukawa hauonekani. Ndiyo maana pia wengi hugundulika ugonjwa ukiwa umeshatawanyika, na ndiyo maana daktari husema upasuaji haufai. Kukata uvimbe mmoja hakumsaidii mtu ambaye seli zake zimeshafika kwingine.

Tiba yake kuu ni dawa za mshipa, kwa kawaida sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposidi, na mionzi pale inapofaa. Hapa pana jambo ambalo familia zinapaswa kulisikia mapema. Kwa vile seli hizi zinagawanyika haraka, dawa nazo huzipiga haraka, na mgonjwa aliyekuwa hawezi kulala chali anaweza kupumua vizuri ndani ya wiki chache. Jamaa hufurahi, wengine humtoa hospitalini wakisema amepona. Lakini seli ndogo hurudi mara nyingi, na zinaporudi husikia dawa kwa shida. Daktari anaposisitiza kumaliza mizunguko yote, au kupiga mionzi ya kichwa ilhali mgonjwa haumwi kichwa, anazifuata seli zilizojificha.

Zaidi ya hayo, kwa kuwa zina asili ya seli za homoni, seli hizi zinaweza kutoa homoni zisizohitajika. Mojawapo hufanya mwili ushike maji hadi chumvi ya damu ishuke, na mgonjwa anaanza kupotewa: anasinzia mchana, anamsahau mwanawe, anaongea maneno yasiyoungana. Nyumbani watu hukimbilia kusema amerogwa au ana majini. Kipimo cha kawaida cha damu kinaonyesha chumvi imeshuka, na hali hiyo ina matibabu. Karibu wagonjwa wote wa seli ndogo ni watu waliovuta sigara kwa miaka mingi.

Zisizo ndogo, ambazo nazo hazifanani

Kundi la pili lina aina tatu kuu. Kwa miaka mingi madaktari walizitibu karibu sawa, kwa hiyo haikuwa na uzito sana kuzitenganisha. Siku hizi ina uzito mkubwa.

Adenokasinoma ndiyo inayoongoza duniani, wagonjwa kama 40 kati ya kila 100 wa saratani ya mapafu. Hii hutokana na seli zinazofanya kazi ya tezi, zile za kutoa ute na majimaji, na chini ya darubini unaona zikijipanga kuzunguka tundu kama zinataka kutengeneza tezi upya. Hupenda pembezoni mwa pafu, mbali na mirija mikubwa, kwa hiyo inaweza kukua muda mrefu bila kikohozi. Mara nyingine dalili ya kwanza ni pumzi kukata kwa sababu maji yamejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Maji hayo yakivutwa kwa sindano, yasimwagwe kabla sehemu yake haijapelekwa maabara. Seli za saratani huelea humo, na mgonjwa anaweza kupata jibu bila kutobolewa tena.

Hii ndiyo aina inayowapata zaidi watu ambao hawajawahi kuvuta sigara, na wanawake wengi wamo. Ndiyo pia yenye habari ya vidonge. Mwaka 2004 watafiti waligundua kwamba baadhi ya adenokasinoma zina badiliko kwenye jeni iitwayo EGFR, ambayo ni swichi ya kuiambia seli igawanyike. Swichi hiyo ikikwama imewashwa, vidonge kama jefitinibi, elotinibi au osimetinibi huizima. Jeni nyingine yenye tiba ya namna hiyo ni ALK. Kwa mgonjwa mwenye badiliko hilo, kidonge kimoja kwa siku kinaweza kumrudisha sokoni au shambani. Kwa asiye nalo, vidonge hivyo vya EGFR humsaidia kidogo kuliko dripu. Kwa hiyo anayenunua vidonge vya jirani bila kupimwa jeni hajajipatia tiba bora. Amepoteza pesa na muda, na muda ndio mgumu zaidi kurudisha.

Skwamasi, ambayo waandishi wengine huiita saratani ya seli bapa, ina historia tofauti. Moshi wa sigara ukichoma utando wa mirija mikubwa mwaka baada ya mwaka, zile seli laini zenye vinyweleo huacha nafasi kwa seli bapa, ngumu, zinazofanana na za ngozi. Ni namna ya mwili kujikinga. Baadaye baadhi ya hizo bapa hugeuka saratani. Wagonjwa wake ni kama 25 hadi 30 kati ya 100. Kwa kuwa hukaa kwenye mirija mikubwa, huanza kwa kelele: kikohozi, makohozi yenye damu, nimonia inayorudi palepale mara kwa mara kwa sababu mrija umezibwa. Baadhi huongeza kalisi kwenye damu, na mgonjwa anakuwa na kiu isiyoisha, haja kubwa inagoma, akili inakuwa nzito.

Skwamasi ina lingine ambalo kwetu Uganda lina hatari ya pekee. Katikati ya uvimbe wake mara nyingi hufa na kuacha shimo, na shimo kwenye eksirei ya kifua, katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, husomwa haraka kuwa TB. Nitalirudia hili. Kuhusu dawa, baadhi ya zile zinazofaa kwenye adenokasinoma, mfano pemetreksedi, hazifanyi kazi vizuri kwa skwamasi. Dawa nyingine, bevasizumabu, huepukwa kabisa kwa sababu inaweza kusababisha pafu kutoka damu nyingi. Hapo ndipo unapoona kosa la kuita zote "saratani ya mapafu" na kusimama hapo.

Ya tatu ni ya seli kubwa. Ni jina la kubakia: seli kubwa za ovyo zisizoonyesha dalili ya tezi wala ubapa. Tangu Shirika la Afya Duniani liliporekebisha mpangilio wake mwaka 2015 na kutaka rangi maalumu zitumike, nyingi zilizoitwa hivyo zimepata majina sahihi zaidi, na aina hii imepungua vitabuni.

Nje ya hizo kuna kasinoidi, jamaa wa mbali wa seli ndogo, anayekwenda polepole na ambaye mara nyingi hupona kwa upasuaji. Mtu akikuambia ndugu yake aliishi miaka 20 baada ya "saratani ya mapafu", usimbishie. Huenda ilikuwa hiyo.

Iliyo kwenye mapafu, lakini si ya mapafu

Saratani ya titi iliyohamia pafuni bado ni saratani ya titi. Seli zake ni za titi, na hutibiwa kwa dawa za titi. Hali ni hiyohiyo kwa ya utumbo au ya tezi dume. Saratani ya Kaposi, ambayo Uganda inaijua vizuri tangu miaka ya UKIMWI, nayo huweza kuingia mapafuni na kutoa makohozi ya damu, lakini ni ugonjwa mwingine wenye matibabu mengine.

Uganda ina sehemu yake ya heshima kwenye somo hili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya. Kabla yake uvimbe wa taya ulihesabiwa kivyake na wa tumboni kivyake. Yeye aliona ni ugonjwa mmoja unaojitokeza mahali tofauti, na ulipotambulika kuwa ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, ikaonekana unayeyuka kwa dawa. Taasisi ya Saratani ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kuwatibu watoto hao. Habari ya mapafu ni hiyo ikiwa imegeuzwa: mahali ni pamoja, magonjwa ni kadhaa. Kwa zote mbili, jawabu lilitoka kwenye seli.

Jinsi maabara inavyojua

Kipande hutolewa kwa njia kadhaa. Kama uvimbe uko karibu na mrija mkubwa, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera puani au mdomoni. Kama uko pembezoni, sindano hupitishwa kati ya mbavu ikiongozwa na picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili vipande kwa vipande. Kipande hicho, mara nyingi chembamba kuliko njiti ya kiberiti, hutiwa kwenye fomalini kisioze, kisha hugandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba sana vinavyopitisha mwanga. Vipande huwekwa kwenye kioo na kutiwa rangi: viini vya seli hugeuka zambarau na sehemu nyingine waridi. Mwanapatholojia hukaa na kioo hicho akitazama umbo, ukubwa, na namna seli zilivyojipanga.

Seli zikiwa hazijajitambulisha kwa umbo, huongezwa rangi za kutambua protini. Protini iitwayo TTF-1 ikiitika kwa kahawia, mtu anaelekea kwenye adenokasinoma. Ikiitika p40, anaelekea kwenye skwamasi. Kazi hii huchukua siku, wakati mwingine wiki, na kusubiri kunauma, hasa kwa aliyetoka mbali na analala kwa jamaa jijini. Naelewa hasira hiyo. Lakini tiba inayoanza bila jina ni kubahatisha kwa mwili wa mtu.

Kuna woga ulioenea kwamba saratani ikiguswa na chuma inatawanyika. Unatokana na jambo ambalo watu wameliona kweli: mgonjwa alitolewa kipande, na miezi miwili baadaye akafariki. Aliyefika amechelewa angefariki hata asingeguswa. Seli kuvuja kwenye njia ya sindano hutokea kwa nadra sana, na hatari hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kutibiwa ugonjwa usio wako.

Aina na hatua

"Ni saratani ya hatua ya nne" hakujibu swali la aina. Hatua, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, inasema ugonjwa umefika wapi: uko ndani ya pafu tu, umeingia kwenye tezi za limfu, au umefika kwenye viungo vya mbali. Aina inasema ni seli gani. Adenokasinoma ya hatua ya nne yenye badiliko la EGFR inaweza kumwacha mgonjwa akitembea na kufanya kazi kwa muda mrefu kuliko seli ndogo iliyotawanyika. Daktari anahitaji vyote viwili ndipo achague, na jamaa wanahitaji vyote viwili ndipo waelewe alichochagua.

Kikohozi cha TB na moshi wa jikoni

Duniani, mwaka 2022 saratani ya mapafu iliwapata watu wapatao milioni 2.5 na kuua milioni 1.8. Hakuna saratani iliyoua wengi zaidi. Kwetu Uganda hufunikwa na ya mlango wa kizazi, ya titi, ya tezi dume na Kaposi, kwa hiyo mtu akikohoa damu wazo la kwanza ni TB. Wazo hilo ni sahihi. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe TB, bila kubishana. Tatizo ni pale makohozi hayakuonyesha vijidudu, mgonjwa akaanzishiwa dawa kwa kuangalia eksirei tu, miezi ikapita, uzito unazidi kushuka, na hakuna anayeuliza upya. Mtu wa namna hiyo anahitaji picha ya CT na kipande. Kuongezewa miezi ya dawa za TB hakutamsaidia.

Na asiachwe kwa kuwa hakuvuta sigara. Sigara ndiyo sababu kubwa, hasa ya seli ndogo na skwamasi, lakini sababu nyingine zipo. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliuingiza uchafuzi wa hewa ya nje kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 2013, na moshi wa kuni za ndani wameuweka kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Mama aliyepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha tangu utotoni, au mtu mwenye VVU, ana haki ya kuchunguzwa kama mvutaji.

Karatasi ya majibu ikifika, tafuta mstari wa utambuzi, kwa kawaida karibu na chini. Kama umeandikwa "kasinoma" peke yake, yaani saratani bila kutaja aina, mwulize daktari kwa heshima: "Daktari, ni seli ndogo au siyo ndogo? Kama siyo ndogo, ni ya tezi au ni skwamasi?" Kama ni ya tezi, yaani adenokasinoma, uliza kama inawezekana kupima EGFR, na wapi. Omba nakala ya karatasi. Nta yenye kipande hubaki maabara, na ukihamishiwa hospitali nyingine unaweza kuomba iende nawe, ili mgonjwa asitobolewe upya. Uliza pia mapema kama kilichobaki ndani ya nta kinatosha kupimwa jeni, kwa sababu kikiishia kwenye rangi za kwanza, hakuna njia nyingine ila kurudi kwenye sindano.